Polishi au Waksi? Muulize Mteja wa Boti Kwanza

Nauza vifaa vya boti mtandaoni. Mteja wa boti ya faiba akija inbox kuulizia waksi, sitaji bei kwanza. Namwambia aioshe kwa maji ya bomba kuondoa chumvi, ikikauka apitishe kitambaa cheusi ubavuni.

👉 Kikitoka na unga mweupe: jua limeshakula jelikoti, lile tabaka la juu linalong'aa. Aanze na polishi, inasugua kilichochakaa. Halafu waksi.

👉 Kikitoka safi na boti inang'aa: waksi peke yake inatosha.

Polishi inarudisha mng'ao, waksi inaulinda. Na polishi inapunguza jelikoti, isipigwe ovyo. Ukimuuzia waksi tupu mwenye boti ya unga, itafifia upesi, na lawama utabeba wewe muuzaji. Uliza kwanza, ndipo uuze.