Presha Ibaki kwenye Sufuria: Supu ya Kichina kwa Wawili Waliochelewa Kurudi

Msomaji, mara ya mwisho wewe na mwenzio kula pamoja chakula cha usiku katikati ya wiki, tena kilichopikwa nyumbani, ilikuwa lini? Kwa wengi wetu tunaokaa Mbagala, Tandika, Mwananyamala au Kawe na kufanya kazi mjini, jibu ni gumu. Mmoja kakwama kwenye foleni Barabara ya Kilwa, mwingine anagombea daladala Mwenge. Kila mtu anapitia chipsi mayai njiani. Nyumbani ni "Umekula?" "Nimekula." Taa inazimwa. Mwisho wa mwezi hela hazionekani zilikokwenda, na mazungumzo nayo hayapo.

Kwetu sisi kilichosaidia ni presha kuka na supu ya Kichina. Usicheke kwanza!

Supu yao, supu yetu
Sisi supu ni ya asubuhi, na chapati mbili na ndimu pembeni. Kwa Wachina wa kusini, hasa jimbo la Guangdong, supu huliwa mezani na familia nzima. Huachwa kwenye moto mdogo saa 2 au 3, mpaka mifupa itoe utamu wote. Wengine huongeza matunda makavu mekundu, ndugu wa kunazi zetu za pwani.

Sasa wewe umefika saa 2 usiku, utachemsha jogoo mpaka saa ngapi? Hapo ndipo presha kuka inapoingia. Kwenye sufuria ya kawaida maji huchemka kwa nyuzi 100 na hayapandi zaidi. Kwenye presha kuka mvuke umefungiwa, joto linafika karibu nyuzi 120, na nyama ngumu inalainika kwa sehemu ndogo ya muda ule.

Mahitaji (watu 2, na kiporo cha kesho)
• Kuku wa kienyeji 1, aliyekatwa vipande
• Tangawizi kipande cha kidole gumba, ikatwe bapa
• Vitunguu saumu punje 4
• Majani ya vitunguu fungu 1
• Karoti 2
• Chainizi fungu 1
• Maji lita 1½
• Chumvi, pilipili manga, soya sosi kidogo

Hakuna cha kutafuta mbali. Chainizi jina lake tu linajieleza, na kila genge wanayo. Vingine utavipata Tandale au Temeke Stereo.

Namna ya kupika
Kwanza chemsha kuku kwenye maji mengine kwa dakika 5, mwaga maji hayo na lile povu, suuza vipande. Wachina hawaruki hatua hii, ndiyo inayofanya supu iwe safi. Kisha weka kuku, tangawizi, vitunguu saumu, karoti na maji lita 1½ kwenye presha kuka ya lita 6. Funga. Ikianza kutoa mvuke punguza moto, hesabu dakika 30. Kuku wa kisasa zinamtosha 12. Zima, iache itulie yenyewe dakika 10 hadi 15. Ukifungua ndipo utie chainizi, washa moto dakika 2 bila mfuniko, malizia na viungo na majani ya vitunguu. Ukipenda, ongeza tambi. Jumla ni saa moja na kidogo.

"Hili dude likilipuka?"
Ndivyo mume wangu alivyoniuliza siku ya kwanza. "Mke wangu, tutamwambia nini mwenye nyumba?" Hofu yake ina maana, lakini masharti ni machache. Usijaze kupita theluthi mbili. Kagua kila mara kama tundu la mvuke halijaziba na mpira wa mfuniko haujachanika. Usilazimishe kufungua kabla mvuke haujaisha. Ya kuweka jikoni itumie kwenye gesi, maana mkaa huwezi kuupunguza ghafla. Ya umeme inajizima yenyewe, na kama ni ya wati 1,000, hata ingewaka saa nzima mfululizo ingekula uniti 1 tu ya LUKU. Hata serikali, kwenye mkakati wake wa mwaka 2024, imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Dakika 30 ni zenu
Utaratibu wetu ni kwamba anayefika kwanza ndiye anayeanza, awe baba awe mama. Mfuniko ukishafungwa hakuna cha kukoroga. Tunakaa kibarazani, simu zinabaki ndani. Ni kwenye dakika hizo, siku moja ya Jumatano, mwenzangu aliponiambia mkataba wake wa kazi unaisha mwezi ule na wiki mbili alikuwa halali usingizi. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, na mimi sikuwa najua. Usiku ule tulikula supu tukipiga hesabu za kodi na ada, na hakuna aliyenuna.

Jaribuni wiki hii, siku moja tu. Kuku anunuliwe Jumapili, akatwe, akae kwenye friji tayari. Jioni yenyewe kazi inabaki kufunga mfuniko na kuulizana: leo kazini ilikuwaje?