Je, Wajua? Baridi Inayomalizia Matiko

Je, wajua kwamba chuma cha pua kikitiwa matiko, kazi huwa haijaisha? Fundi anakichoma hadi kiive, anakichovya, kinalia chwaa, watu wote wanasema tayari. Kumbe ndani imebaki sehemu laini iliyogoma kugeuka, na katika baadhi ya vyuma vya zana ni zaidi ya sehemu moja kati ya kumi! Moto umeshindwa, maji yameshindwa. Kilichobaki ni baridi.

Baridi kiasi gani? Nyuzi 196 chini ya sifuri! Friza la minofu ya sangara hutunzwa kwenye nyuzi 18 tu chini ya sifuri. Baridi kali kuliko zote zilizowahi kupimwa ardhini kwa kipimajoto ilikuwa Vostok, Antaktika, mwaka 1983: nyuzi 89.2 chini ya sifuri. Hata hapo hujafika nusu!

Unajua baridi hiyo inatoka wapi? Inatoka kwenye hewa unayoivuta sasa hivi. Asilimia 78 ya upepo unaokupiga usoni ukisubiri kivuko Kamanga ni naitrojeni, na ukiipoza vya kutosha inageuka kimiminika. Wataalamu wawili wa mjini Kraków, Wróblewski na Olszewski, waliiweza kazi hiyo mwaka 1883.

Na wewe mfugaji wa Misungwi au Magu, usidhani hayakuhusu. Mbegu za madume bora kutoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, Arusha, hutunzwa ndani ya naitrojeni hiyohiyo. Baridi inayolinda ndama wa kesho ndiyo inayokaza keekee ya fundi. Hebu fikiria!

Sasa kaa vizuri. Mwaka 1982 mtafiti Randall Barron wa Louisiana, Marekani, alitangaza matokeo ya vyuma 19 alivyovipitisha kwenye baridi: mara moja kwa nyuzi 84 chini ya sifuri, mara nyingine kwa nyuzi 196. Vyuma vya zana, vile vya kutengenezea keekee na visu vya mashine, vilipunguza kulika kwa kiasi kikubwa, na ile baridi kali zaidi ndiyo iliyoleta tofauti kubwa zaidi. Vyuma visivyoshika kutu vilipata nafuu isiyofika asilimia 25. Chuma cha kaboni cha kawaida na chuma cha kusubu? Hakuna la maana! Kwa hiyo kisu cha kuchuna minofu kiwandani, kinachopitishwa kwenye noleo mara kwa mara ili kisiache nyama kwenye mapanki, kingeambulia kidogo. Panga lako la shambani lisingeambulia kitu.

Lingine la kushangaza: ukikipima ugumu chuma kilichotoka kwenye baridi hiyo, mara nyingi utakuta umeongezeka kidogo sana. Ila ukikisugua, kinalika polepole! Watafiti wanasema baridi huandaa njia ya chembe ndogo ngumu za kabidi kuzaliwa kwa wingi ndani ya chuma. Kwa macho huzioni hata moja.

Halafu ile sehemu laini ikigeuka, inavimba kwa takriban asilimia 4. Ikichelewa ikaja kugeuka kifaa kikiwa tayari kazini, vipimo vinaharibika, ndiyo maana watengenezaji wa vifaa vya kupimia hupenda kuimaliza mapema.

Usitumbukize chuma ghafla, kinaweza kupasuka! Hushushwa polepole, kikalazwa kwenye baridi saa 24 au zaidi, kisha hurudishwa motoni, nyuzi 150 na kuendelea, kiache kuwa chepesi kuvunjika. Naam, moto, baridi, moto tena.

Tukitaja moto, vuka ziwa twende Kagera. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwamba mababu wa Wahaya walifua chuma chenye kaboni, yaani chuma cha pua, miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita! Wazee waliowahi kufanya kazi hiyo ujanani waliijenga upya tanuri, wakavukuta mivukuto, na kipimo kikapanda kupita nyuzi 1,800. Katuruka, karibu na Bukoba, mabaki ya tanuri za kale yapo. Mimi nasema kila mwanafunzi wa Kanda ya Ziwa angepelekwa kuyaona.

La mwisho, na hili lishike sana. Lita moja ya naitrojeni ya kimiminika ikichemka hutoa karibu lita 700 za gesi, nayo hufukuza oksijeni chumbani bila harufu wala moshi. Ukiona mtungi wake unafunguliwa, fungua madirisha na mlango kwanza.