Sura ya Sita: Guangzhou kwa Siku Moja

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo na Eastleigh wanaijua Guangzhou kwa masoko yake ya jumla: wanatua, wanafunga mzigo, wanarudi. Siku ya kuutazama mji wenyewe mara nyingi haipatikani. Ni hasara kubwa, kwani biashara hiyohiyo inayowapeleka huko ndiyo iliyoulea mji huu kwa zaidi ya miaka 2,000. Anayetembea peke yake, bila mwongozaji, anahitaji jambo moja la kufuatilia kutwa nzima. Hapa jambo hilo ni bandari.

Kabla ya kutoka hotelini, unganisha kadi yako ya benki na Alipay au WeChat, maana karibu kila kitu hulipiwa kwa simu. Chukua pasipoti, na uwe na majina ya vituo yaliyoandikwa kwa Kichina.

Anza na chai. Asubuhi migahawa ya Guangzhou hufurika, na ukiwa peke yako huenda ukaketishwa meza moja na watu usiowajua. Ni desturi, hakuna anayeshangaa. Chai huandamana na dim sum, vitafunio vidogo vya kamba au nyama vinavyoletwa vikifuka mvuke ndani ya vikapu vya mianzi. Jirani akikumiminia chai, gonga meza polepole kwa vidole viwili: umeshukuru. Maji yakiisha, kiegemeze kifuniko cha birika pembeni, mhudumu ataelewa.

Panda metro hadi kituo cha Yuexiu Park, uende kwenye makumbusho ya mfalme wa Nanyue, ufalme wa kale. Kaburi la mfalme huyo, Zhao Mo, aliyefariki mwaka 122 KK, liligunduliwa mwaka 1983 wajenzi walipokuwa wakichimba kilima. Wageni hulizunguka vazi lake la mazishi, lililoshonwa kwa vipande zaidi ya 2,000 vya jade. Usiishie hapo. Tafuta ubani na pembe tano za ndovu zilizozikwa naye: wataalamu wanaona pembe hizo ni za ndovu wa Afrika. Bidhaa za Bahari ya Hindi zilikuwa zikifika hapa kabla ya kuzaliwa kwa Kristo.

Kutoka kituo cha Ximenkou utatembea kidogo hadi Msikiti wa Huaisheng. Mapokeo yanasema uliasisiwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wengi wanaona majengo yake ni ya baadaye. Lisilo na ubishi ni kwamba wafanyabiashara Waarabu na Waajemi waliishi mtaa huu tangu enzi ya Tang. Utazame mnara: mviringo, laini, wenye urefu wa takribani mita 36, usio na paa la ghorofa kwa ghorofa kama pagoda. Zamani mto ulipita karibu zaidi, na taa ya mnara iliongoza majahazi.

Metro hiyohiyo itakufikisha Huangsha, ng'ambo ya kisiwa cha Shamian. Kuanzia mwaka 1757 wafanyabiashara wa Ulaya waliruhusiwa kununua chai na hariri katika bandari hii pekee. Vita vya Kasumba vilivunja utaratibu huo kwa mizinga, kisha Waingereza na Wafaransa wakajitengea Shamian, wakichimba mfereji wa kuitenga na mji. Benki na makanisa yao bado yapo chini ya vivuli vya miti mikubwa. Ni mahali pa kupendeza, na pia ni kumbukumbu ya ubabe. Msafiri makini huyaona yote mawili.

Jioni vuka mto kwa kivuko pamoja na watu wanaotoka kazini, utazame Canton Tower, yenye mita 600, ikiwashwa. Kisha kale Xiaobei, mtaa ambako Waafrika na Waarabu wamefungua maduka na migahawa. Baada ya siku hii, mzigo utakaoufunga kesho hautakuwa jambo geni: nawe umeingia katika msafara ulioanza kabla ya kaburi la Zhao Mo kufungwa.