Boda ya Stima au Mafuta ya Miwa: Ipi Itakuachia Pesa Mfukoni?

Kila tarehe 14 ya mwezi, kuanzia jioni, magrupu ya WhatsApp ya wenye boda huwa na habari moja tu: EPRA imetangaza bei mpya ya mafuta. Bei hiyo inaanza kufanya kazi usiku wa manane na haibadiliki mpaka tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Wengi bado wanakumbuka Septemba 2023, wakati lita moja ya petroli Nairobi ilifika Sh211.64, miezi michache tu baada ya VAT ya mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Abiria aliyezoea kulipa hamsini, naye, bado alitaka kulipa hamsini.

Basi watu wanauliza: tukiachana na petroli, twende wapi? Kuna wanaosema stima. Wengine wanasema mafuta ya mimea, yaani ethanoli inayotokana na miwa au dizeli inayotokana na mbegu (sio ile ya kukaangia chapati). Wataalamu hubishana zaidi kuhusu moshi na hali ya hewa. Hapa tuongee pesa.

Mafuta ya mimea sio mageni Kenya. Kuanzia 1983 hadi 1993, petroli iliyochanganywa na ethanoli ya Muhoroni iliuzwa humu nchini ikiitwa gasoholi. Ethanoli hiyo ilitengenezwa kwa molasi, ile sharubati nyeusi inayobaki kiwandani baada ya sukari kutolewa kwenye miwa. Mpango ukafa, na kizazi chetu hata hakijui ulikuwepo.

Brazil ilianza mpango wake 1975 na haikuacha. Tangu 2003 kule kuna magari yanayokunywa petroli, ethanoli, au zote mbili zikiwa zimechanganywa. Dereva akifika kwenye stesheni anaona bei mbili, anapiga hesabu. Ethanoli ina nguvu kidogo kwa kila lita, kwa hivyo wao hutumia kanuni rahisi: kama bei yake haizidi asilimia 70 ya bei ya petroli, jaza ethanoli. Ikizidi hapo, jaza petroli. Mimi hiyo naipenda sana, kwa sababu mwenye gari ndiye anayeamua.

Lakini Brazil ina miwa ya kumwaga. Sisi hata sukari ya chai hututosha kwa shida, mpaka tunaagiza kutoka nje. Na molasi ina wateja wengine, kuanzia wafugaji wa ng'ombe hadi watengenezaji pombe. Hata ethanoli ikirudi kwenye petroli yetu, itakuja ikiwa imeshachanganywa. Wewe utalipa bei iliyo kwenye pampu, basi.

Upande wa mbegu nao una kidonda. Miaka ya 2000 wakulima wengi waliambiwa wapande jatrofa, yaani mbono kaburi, kwamba inastahimili ukame na ina mafuta tele. Utafiti uliofanywa mashambani Kenya mwaka 2009 ulikuta mavuno ni kidogo mno, na ushauri ukawa kwamba mkulima mdogo asiipande isipokuwa kama ua wa boma. Huko Dakatcha, karibu na Malindi, kulikuwa na mpango wa kugeuza maelfu ya hekta za msitu kuwa shamba la jatrofa. Wenyeji na watetezi wa mazingira wakapinga, na mpango haukuendelea. Sasa hivi kuna kiwanda cha kukamua mbegu Makueni, kilichofunguliwa na kampuni ya Eni mwaka 2022. Mkulima wa mbarika anapata mahali pa kuuza, na hilo ni jambo zuri. Ila mafuta yenyewe yanasafirishwa hadi Italia. Boda ya Wote inaendelea kunywa petroli.

Tuje kwa stima. Hapa Kenya tuna bahati ambayo hatuiongelei vya kutosha: takriban yuniti tisa kati ya kumi zinatokana na mvuke wa ardhini kama ule wa Olkaria, maji, upepo na jua. Bei ya stima nayo hupanda na kushuka. Angalia meseji ya tokeni zako, utaona makato ya mafuta na ya dola yamejificha humo. Lakini hairuki kama petroli. Mwaka 2023 EPRA iliweka hata bei maalumu ya kuchaji vyombo vya stima: Sh16 kwa yuniti, na Sh8 saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na tozo nyingine. Bei hiyo ni ya mita maalumu, sio ya tokeni za nyumbani.

Sasa hesabu, na hii ni mfano tu, weka namba zako. Tuseme unazunguka kilomita 120 kwa siku. Pikipiki inaenda kilomita 40 kwa lita, kwa hivyo unahitaji lita tatu. Lita ikiwa Sh180, hiyo ni Sh540. Ya stima itatumia kama yuniti tano. Ukichaji nyumbani kwa Sh30 kwa yuniti, ni Sh150. Umeokoa Sh390 kwa siku. Tamu, sivyo?

Ngoja kwanza. Kama pikipiki yako ya petroli ulishaimalizia mkopo, halafu unachukua ya stima kwa mkopo wa Sh400 kwa siku, ile Sh390 yote imeenda, na bado unaongeza kumi. Mpaka mkopo uishe, unaokolea mkopeshaji. Lakini kama ungekopa pikipiki ya petroli vilevile, hapo stima inakushindia vizuri. Ni swali moja, majibu mawili, na wauzaji wengi hukupa moja tu.

Kitu kingine ni betri. Kampuni kama Ampersand hukubadilishia betri kwenye kituo chao: unaacha iliyoisha, unachukua iliyojaa, unalipa, unaondoka. Roam wana pikipiki ambayo betri yake unaweza kuitoa ukachaji nyumbani. Betri ikiwa ya kampuni, ikichoka ni shida yao, lakini bei ya kubadilisha wanaipanga wao, na EPRA haitangazi hiyo tarehe 14. Uliza kabla ya kuweka sahihi: bei inaweza kupanda katikati ya mkataba? Nikiugua wiki moja nisilipe, pikipiki inazimwa kwa mbali? Baada ya siku ngapi?

Malipo yote yaende kwenye nambari ya till ya kampuni, na usome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Ajenti akikuambia "nitumie tu kwa namba yangu, mimi nitapeleka," kataa, hata kama mnajuana. Meseji za malipo usizifute. Mkibishana kuhusu deni, kumbukumbu za malipo kwenye simu yako ndizo zitakazokutetea.

Kwa lori za masafa marefu, na kwa mtu mwenye chombo kizee ambaye hana uwezo wa kukopa kingine, mafuta ya mimea bado yana hoja, maana ethanoli kidogo kwenye petroli haikudai ununue chombo kipya. Kwa boda wa mjini, mimi naona stima imeshinda. Ukiwa nje ya mji, anza na swali la kituo: cha kubadilisha betri kilicho karibu zaidi kiko kilomita ngapi kutoka steji yako, na hufungwa saa ngapi?