Kaa wa Mtoni na Abiria Wake: Habari ya Usubi katika Mito ya Rwenzori

Askari anayehamishiwa Bwera huelezwa mambo mengi kabla ya kuondoka Kasese: hali ya mpaka, njia za magendo, vivuko vya Mto Lhubiriha, na desturi za wenyeji wake Wakonzo. Ni nadra sana kuelezwa habari za kaa. Hata hivyo mnyama huyo mdogo, ambaye wengi wetu humruka bila kumtazama tunapovuka kijito, ameingia katika historia ya afya ya magharibi ya Uganda kwa mlango ambao hakuna aliyeutazamia.

Tuanze na ndugu zake wa baharini. Katika pwani ya Kenya na Tanzania kaa jike huwaachilia watoto wake majini kwa maelfu mengi, wakiwa wadogo kiasi cha kutoonekana vizuri kwa macho. Hao huelea na kuchukuliwa na mkondo kwa siku au majuma kadhaa; wengi huliwa na samaki, na wachache wanaosalia huteremka hatimaye na kujishikiza kwenye mwani, kwenye majani ya bahari au katikati ya mizizi ya mikoko. Ndivyo viumbe wa jamii hiyo wanavyoenea kutoka ghuba moja hadi nyingine.

Kaa wa mtoni hawezi kuthubutu jambo hilo. Mtoto aliyeachiliwa katika Mto Nyamwamba angefikishwa Ziwa George kabla hajajua kutembea. Kwa hiyo mama huyafumbata mayai chini ya tumbo lake, na watoto hutoka wakiwa tayari ni kaa kamili, wadogo tu kwa umbo. Matokeo yake ni kwamba kaa wa mtoni huenea polepole, na kila bonde huwa na wakazi wake wa kudumu.

Sasa yuko kiumbe mwingine mwenye shida ya namna hiyo hiyo. Huyu ni usubi, inzi mweusi mwenye kibyongo, mdogo kuliko inzi wa nyumbani. Buu wake huishi majini, tena hutaka maji yaendayo kasi, kwa sababu humo mna hewa nyingi na chakula huletwa na mkondo wenyewe. Lakini hana nguvu ya kushindana na mkondo huo. Basi hutandika utando mdogo mithili ya hariri juu ya jiwe au jani linaloburuzwa na maji, akaunasa kwa vikulabu vilivyo mwisho wa mwili wake, kisha akafungua mafagio mawili ya kichwani na kuchuja vijidudu vinavyopita. Mahali pakimchosha au pakijaa wenzake, hujiachilia akining'inia kwa uzi, akachukuliwa na maji mpaka ajishikize penginepo. Majani ya kingoni yanayolalia maji ni kambi yake bora.

Wako hata hivyo usubi wa aina iitwayo Simulium neavei, ambao waliwatatiza wataalamu kwa miaka mingi. Inzi wenyewe walionekana wakiuma watu katika misitu, lakini mabuu wao hawakuonekana juu ya jiwe wala jani lolote. Mawe yaligeuzwa, nyasi ziling'olewa, pasipo mafanikio. Ndipo mwaka 1950 van Someren na McMahon, waliokuwa wakifanya kazi Kenya, walipotangaza kwamba mabuu hao wamepatikana juu ya kaa! Walikuwa wamejibandika kwenye gamba na kwenye mashina ya miguu. Hawamli kaa wala hawamnyonyi. Humtumia kama gari. Kaa huhama kutoka maporomoko hadi kidimbwi na kurudi, na abiria wake huchuja chakula chao njiani. Mwanajeshi aliyefunzwa mbinu za kujificha hana budi kukiri kwamba maficho hayo yalichaguliwa kwa akili.

Ubaya wa usubi ni kwamba jike hutaka damu, na katika kuinywa huweza kumwachia mtu minyoo ya ugonjwa wa upofu wa mtoni. Minyoo wakubwa hukaa chini ya ngozi, mara nyingi ndani ya vinundu, na huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Watoto wao husambaa mwilini kwa mamilioni. Huanza mwasho usiomwacha mtu alale. Ngozi hukunjamana na kuzeeka kabla ya wakati, miundi ikapata mabaka meupe, na kwa baadhi ya wagonjwa macho huharibika kabisa.

Siri ya kaa ilipofichuliwa, vita vilipata shabaha. Katika miaka ya 1950 Kenya iliwafuta usubi hao katika mito ya Nyanza kwa dawa iliyotiwa majini. Hapa Uganda, katika msitu wa Itwara ulio kaskazini ya Kasese, na baadaye Kashoya-Kitomi ng'ambo ya Ziwa George, watumishi wa afya walitembea kando ya vijito wakitia dawa kwa vipimo. Ili kujua kama wameshinda, waliweka mitego yenye chambo, wakawakamata kaa na kumkagua mmoja mmoja kama abiria bado wapo. Mwishowe kaa walipatikana watupu. Ukataji wa misitu nao umewaondoa usubi hao mahali kwingi, kwa sababu hupenda vijito vyenye kivuli. Lakini hiyo si njia ambayo mtu mwenye busara angeipendekeza.

Katika Wilaya ya Kasese maeneo yaliyoorodheshwa kwa ugonjwa huu ni mawili: Nyamugasani, mto unaokatwa na barabara ya Bwera, na Lubilia, ndiyo Lhubiriha yenyewe, ambayo ukingo wake mmoja ni Uganda na wa pili ni Kongo. Yalikuwa miongoni mwa maeneo 17 ya nchi nzima wakati serikali ilipoazimia mwaka 2007 kuutokomeza ugonjwa badala ya kuupunguza tu. Vidonge vya ivermectin vilianza kugawanywa mara mbili kwa mwaka, kipimo kikikadiriwa kwa fimbo ya kupimia urefu. Dawa hiyo huwaua watoto wa minyoo, haiwaui wazazi wao. Kwa hiyo mgawo hauna budi kurudiwa kwa miaka mingi.

Hapo ndipo askari anapohusika. Wagawaji wa dawa huwaandika watu kwa vijiji na kaya. Askari wa jeshi au polisi si wa kaya yoyote. Hufika katikati ya mwaka, akahamishwa kabla ya mgawo unaofuata, naye aweza kuibeba minyoo kutoka bonde moja hadi jingine kwa muda mrefu kuliko mkataba wake wa kazi. Inzi hupuuza mpaka, na mto huo huo huumwagilia upande wa pili ambako mgawo hufuata ratiba nyingine. Kwa hiyo katika eneo lolote ambamo dawa bado hugawanywa, mkuu wa kituo na apeleke orodha ya watu wake kwa mganga wa zahanati iliyo karibu, pamoja na wake na watoto waliotimiza miaka 5. Wajawazito na wagonjwa mahututi husubiri.

Chandarua hakisaidii dhidi ya usubi, kwa maana huuma mchana, hasa asubuhi na jioni, kando ya maji yaendayo kasi. Anayelinda kivuko avae mikono mirefu na suruali ndefu, na saa za mapumziko akae mbali na ukingo.