Maua Yaitayo Nyuki na Vipepeo

Katika mashamba ya Bungoma na pande za Kitale, mara nyingine maboga huchanua kwa wingi, kisha vitunda vichanga vikageuka manjano, vikanyauka na kuanguka. Wako wadhanio ya kuwa ardhi imechoka, au jirani ana kijicho. Mara nyingi sababu ni kwamba nyuki hawakufika.

Boga lina maua ya namna mbili: ua dume, lenye unga wa manjano uitwao chavua, na ua jike, lenye kitunda kidogo chini yake. Chavua hiyo ni nzito na hunata, wala upepo hauichukui kama uchukuavyo ile ya mahindi. Tena ua hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri. Asubuhi hiyo ikipita bila mgeni, kitunda kimepotea.

Wageni hao huitwa kwa kupandiwa chakula. Nyuki hupenda mrihani, alizeti na kaliandra, ambayo majani yake hulisha ng'ombe pia. Maua ya aina moja yapandwe pamoja, yakichaguliwa yachanuayo kwa zamu, ili pasiwe na mwezi wa njaa.

Kipepeo hutaka pia mahali pa kutagia. Yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hutaga juu ya mlimau na mchungwa. Mti mkubwa hauharibiwi na viwavi wachache, lakini kwenye mche mchanga yafaa waondolewe kwa mkono. Mambo ya wadudu si mageni Kitale: mwaka 1926 Luteni Kanali Stoneham alianzisha huko makumbusho, naye alikuwa mkusanyaji wao mashuhuri.

Lantana isipandwe, ijapokuwa vipepeo huipenda, kwa maana huvamia malisho, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe. Dawa ya wadudu nayo isinyunyizwe maua yakiwa wazi. Ikibidi, inyunyizwe jioni, tena mbali na maua.

Mwenye shaka na ajaribu mwenyewe. Achume ua dume asubuhi mapema, aondoe majani yake ya manjano, aligusishe katikati ya ua jike, kisha atie alama. Kitunda hicho kikishika na vingine vikaanguka, atajua ya kuwa shambani mwake kilichopungua si mbolea, bali nyuki.