Maumivu Hayana Shahidi Ila Ulimi

Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wengi huitumia methali hii kufunga mjadala: ya mwenzio huyajui, basi nyamaza. Mimi huiona kuwa inafungua mjadala. Maiti hasemi, lakini mgonjwa aliye hai anaweza kusema. Je, tumempa lugha ya kuyasemea maumivu yake? Na akisema, yupo wa kumsikiliza?

Swali hili lina uzito wa pekee katika kaunti za Kericho na Bomet nilikolelewa, ambako maelfu ya watu hujipatia riziki kwa mgongo. Mchumaji wa chai huinama juu ya kichaka, akachuma majani mawili na kichipukizi chake, akayarusha ndani ya kikapu kilicho mgongoni. Kadiri anavyopanda na kushuka miteremko, ndivyo mzigo unavyoongezeka. Naye hulipwa kwa kilo. Kwa hakika, mgongo wake ndio mizani ya kwanza, kabla ya ile ya kituoni.

Mnamo mwaka wa 2022, mahakama ya Court of Session jijini Edinburgh, Scotland, iliwaruhusu wachumaji wa eneo hili kuishtaki kwa pamoja kampuni ya James Finlay (Kenya) Limited, iliyosajiliwa huko Scotland. Walidai kwamba kazi hiyo ilikuwa imewaumiza migongo na viungo. Kampuni iliyapinga madai hayo. Mwaka wa 2023, majaji wa rufaa waliisimamisha kesi ili madai yapitie kwanza njia iliyowekwa na sheria ya Kenya ya mwaka wa 2007 kuhusu fidia kwa wanaoumia kazini. Si kazi yangu kuamua nani ana haki. Linalonishughulisha mimi kama mwanaisimu ni hili: mtu huthibitishaje kwamba anaumwa?

Mfupa uliovunjika huonekana kwenye picha ya eksirei. Maumivu sugu, yaani yale yanayodumu kwa zaidi ya miezi mitatu, hayaonekani. Diski za mgongo zilizochakaa huonekana pia kwa watu wasiohisi maumivu yoyote, na mwingine huteseka ilhali picha yake haina dosari. Ndiyo maana chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, kiliporekebisha fasili yake ya maumivu mwaka wa 2020, kiliongeza kuwa kauli ya mtu anayesema anaumwa yafaa kuheshimiwa.

Nayasema haya nikiwa na ushahidi chini ya ngozi yangu. Kwa miaka minne sasa naishi na kichocheo cha ugwe wa mgongo, nilichopandikizwa nchini India baada ya upasuaji wa diski kuniachia maumivu yaliyoshuka hadi unyayoni. Ni betri ndogo iliyozikwa juu ya kalio, yenye nyaya nyembamba zinazofika karibu na ule ugwe wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo. Umeme hafifu hupita humo na kuvuruga habari za maumivu zinazopanda kuelekea ubongoni. Naichaji betri kama watu wanavyochaji simu, nami hubeba kadi ya kuwaonyesha walinzi wa viwanja vya ndege.

Asili ya kifaa hiki ni nadharia waliyoitoa Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka wa 1965. Walieleza kwamba ndani ya ugwe wa mgongo mna mfano wa lango, na kwamba hisia za mguso zaweza kulifunga ili maumivu yasipite. Mama amsuguaye mtoto goti lililogonga jiwe hulifunga lango hilo bila kuisoma nadharia. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1967, daktari Mmarekani Norman Shealy alimpandikiza mgonjwa kichocheo cha kwanza.

Lakini lililonistaajabisha zaidi ni namna mitambo hii inavyorekebishwa. Fundi hukaa na kompyuta yake, abadilishe nguvu ya umeme, kisha aulize: unahisi nini, na unahisi wapi? Mimi hujibu: ni mnyeo, umefika gotini, sasa unachoma, punguza. Zipo aina mpya zisizohisika, lakini hata hizo mgonjwa ndiye husema kama zimemfaa. Teknolojia yote hiyo, na bado inasubiri neno la mgonjwa!

Sisemi kwamba kila mchumaji apewe kifaa hiki. Bei yake haikaribii mfuko wake, nacho hakitibu chanzo. Isitoshe, mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka wa 2023 yalitilia shaka kubwa manufaa yake kwa maumivu ya kiuno. Nasema tu kwamba kile kinachohitajika kabla ya kifaa chochote hakinunuliwi: maneno.

Melzack alilitambua hilo. Mwaka wa 1975 alichapisha hojaji iliyopanga maneno 78 ya Kiingereza ya kuelezea maumivu. Je, Kiswahili ni maskini? Hata kidogo. Kichwa huwanga, jipu hupwita, tumbo hunyonga, kidonda kilichotiwa chumvi huchonyota, mguu hufa ganzi, na jeraha la zamani hutoneshwa. Na tofauti hizi si mapambo. Maumivu yanayochoma kama moto, au yanayoambatana na ganzi, humwelekeza daktari kwenye neva. Yale mazito ya kuchosha humwelekeza kwenye misuli na viungo. Dawa zake pia ni tofauti.

Hata hivyo, mchumaji aingiapo zahanati, husema tu, “Mgongo unaniuma,” akaulizwa ni kiasi gani kati ya sufuri na kumi, akapewa tembe, akarudi shambani. Mara nyingi mkalimani wa nyanya asemaye Kipsigis pekee ni mjukuu wake mwanafunzi, ambaye hugeuza maelezo ya dakika tano kuwa maneno matatu.

Walimu wenzangu, mtaala wetu wa umilisi unataja mawasiliano miongoni mwa stadi zake za msingi. Basi tuwape wanafunzi insha ya kueleza maumivu: yalianza lini, yako wapi, yanaelekea wapi, yanafanana na nini, yanazuia kazi gani. Nanyi wanafunzi, mkimpeleka nyanya hospitalini, msimfupishe. Neno mtakaloliacha nje ya mlango wa daktari huenda ndilo ambalo tiba yake ililihitaji.